Nakala ya Kitambulisho cha Mama

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza saa nane mchana, kama ilivyo kawaida yake hapa Kakamega, na bado inapiga mabati. Viatu vyangu viko mlangoni vinachuruzika maji. Nimechemsha chai ikapoa, nikaichemsha tena, na sasa imepoa mara ya pili.

Wanasema hasidi hana sababu. Mimi sababu ninazo, na leo nitaziandika zote hapa mtandaoni, anayetaka asome.

Dada yangu Truphosa anaenda Uingereza.

Hata kuiandika sentensi hiyo kunaniuma. Truphosa ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu, na mimi ndiye kitinda mimba. Yeye aliachia shule darasa la saba, akaolewa hapo hapo kijijini kwetu Malinya, na mpaka leo analima na kuuza ndizi sokoni. Mimi ni mwalimu. Barua za ukoo naandika mimi. Karatasi za familia zinakaa kwangu, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kama kuna mtu wa kwetu aliyekuwa apande ndege, kila mtu alijua ni nani.

Na pasipoti ninayo. Niliichukua miaka kumi na moja iliyopita, niliposikia kwamba jina langu limo kwenye orodha ya walimu watakaopelekwa huko huko Uingereza kwa mafunzo. Nikanunua koti zito la kahawia, mtumba mzuri usio na doa. Safari ile ilikufa na hakuna aliyetuambia imekufa. Koti lingali kabatini ndani ya nailoni. Pasipoti nayo ilikaa mpaka ikaisha muda wake, kurasa zote nyeupe.

Anayemwita Truphosa ni binti yake, Mercy, ambaye ni muuguzi kule. Atajifungua mtoto wake wa kwanza baada ya miezi mitatu na anataka mama awe karibu. Hapo ndipo penye mwiba. Mercy huyo alikaa nyumbani kwangu miaka yote minne ya sekondari. Nilimfundisha kuandika insha. Malaria ilipomwangusha, nililala naye hospitalini. Fomu yake ya pasipoti niliijaza kwa mkono wangu huu. Kwa hiyo niliposikia habari za mimba nilikaa nikingoja simu yake, na simu ilipokuja alisema, "Mama mdogo, nisaidie tu kumjazia mama form. Wewe ndiye unajua hizi vitu."

Nikamjibu sawa. Nikakata simu, nikaenda jikoni kugombana na sufuria.

Sasa maungamo.

La kwanza ni hili. Kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Hata kupeana mkono ni shughuli. Mume wa Mercy, Wekesa, ni kijana wa Likuyani, na watu wao wanaishika mila hiyo pengine kutushinda sisi. Truphosa aliisahau kwa furaha. Mimi sikuisahau. Jumapili moja baada ya kanisa nilipitia kwa baba mdogo Shikanga, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, nikamuuliza kwa upole, kama mtu asiyejua, eti mila inasemaje mama akienda kumtembelea mkwe ng'ambo, maana nasikia nyumba za huko ni ndogo.

Mzee akaweka kikombe chini. "Hiyo hapana. Mama mkwe halalangi kwa nyumba ya mkwe. Hata kama ni ng'ambo, mkwe ni mkwe."

Akaitisha kikao. Nilikaa pembeni nikitikisa kichwa kwa masikitiko, na Truphosa akalia kidogo, akajifuta kwa leso. Alisema pasipoti ataichukua hata hivyo, kwa sababu siku ya kwenda ofisini ilikuwa imeshapangwa na pasipoti haiozi. Mimi nikarudi mjini, na siku hiyo hiyo nikaingia mtandaoni nikaomba yangu ifanywe upya. Nikachagua siku moja na yake. Sikumwambia. Ikiwa mama mtu hawezi kwenda, nani mwingine ataenda? Mimi niliona jibu moja tu.

La pili ni baya zaidi. Ombi la Truphosa lilihitaji nakala ya kitambulisho cha marehemu mama yetu. Kitambulisho chenyewe kilirudishwa kwa chifu baada ya mazishi, na cheti cha kifo hatukuwahi kukifuatilia. Nakala iliyobaki duniani ni moja, na mtunza karatasi ni mimi. Kila aliponiuliza nilimwambia bado naitafuta. Na kweli nilitafuta. Nilitafuta kila mahali isipokuwa pale nilipojua ipo.

Leo asubuhi tulikutana nje ya ofisi. Alikuwa amevaa rinda la kanisani na amenibebea kikapu cha ndizi na mayai ya kienyeji, kwa sababu eti nimejisumbua kuomba ruhusa shuleni ili nimsindikize. Tukapewa namba, tukakaa kwenye benchi.

"Unajua Wekesa amesema nini?" akaniambia huku akicheka kabla hajafika mwisho. "Amesema ataomba zamu ya usiku huko kazini, siku zote zenye nitakuwa kwao. Usiku mimi nalala kwa nyumba, yeye yuko kazini. Mchana yeye analala kwa rafiki yake. Nimeambia baba mdogo, amecheka mpaka akakohoa. Amesema hapo mila haina neno."

Nikacheka pia. Kucheka huku nimekasirika nakuweza. Ni sehemu ya ualimu.

"Na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa," akaendelea. "Siku ile ya kikao nilipigia Mercy, nikamwambia basi acha mama mdogo wako aende mahali pangu. Yeye amesoma, hawezi potea huko. Mercy akasema hapana, mama mdogo pia ni mama, na mkwe ni mkwe. Halafu akasema, 'Mama, mimi nataka wewe tu.'"

Hakulisema kwa ubaya. Truphosa hana ubaya, na hilo nalo ni mojawapo ya mambo yanayonichosha kwake.

Niliangalia sakafu. Dada ya mama ni mama; mtoto yeyote wa Malinya anajua. Mila niliyoipelekea mzee ili imfungie dada yangu mlango ilikuwa inanifungia na mimi. Nimewafundisha watoto habari za jamaa na ukoo miaka mingi, nimewachorea mti ubaoni, na wivu ukanifanya nisilione tawi langu mwenyewe.

Lakini si hilo lililonichoma. Lililonichoma ni "nataka wewe tu." Insha, malaria, fomu, miaka minne, na bado mimi sikuwemo.

Namba yake ikaitwa. Afisa alikuwa msichana wa rika la Mercy, mwenye kucha ndefu na sauti ya haraka. Akapanga karatasi moja moja. "Copy ya ID ya mama iko wapi?"

Truphosa akanigeukia.

"Sijaipata," nikasema. "Nimetafuta sana."

Nilisema hivyo baada ya kusikia yote aliyonisimulia kwenye benchi. Naliandika hili ili lisije likasahaulika.

"Basi mtarudi mkiipata. Itabidi mchukue siku ingine." Siku iliyokuwa wazi ilikuwa mbali, na baada ya pasipoti kuna viza, na mtoto hangoji karatasi. Truphosa alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Akakusanya vyeti vyake taratibu, akamwambia afisa, "Sawa, asante mama," akasogea kando. Hakuninung'unikia hata kidogo.

Namba iliyofuata ilikuwa yangu. Nilimwona akishangaa nilipoinuka. Nikampa afisa pasipoti yangu ya zamani, ikiwa kwenye jalada lile lile la plastiki la miaka kumi na moja. Akaipekua kurasa.

"Mwalimu, hii haijaenda hata Busia hapo mpakani?"

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Akaivuta kutoka kwenye jalada, na karatasi iliyokunjwa mara nne ikaangukia kaunta. Akaikunjua.

Mama.

Niliiweka humo mwenyewe mwaka ule nilipochukua pasipoti, na sijawahi kuihamisha. Asubuhi ya leo nilipoitoa sandukuni nilikuwa nawaza picha mpya nitakayopigwa na kama nywele zangu zimekaa vizuri. Nilimbeba mama mpaka ofisini bila kumkumbuka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuvuka hata kaunta.

Afisa akaitazama karatasi, akamtazama Truphosa, kisha akanitazama mimi. "Si hii ndio mlikuwa mnatafuta?"

Truphosa akasogea. Nakala ni nyeusi nyeusi, lakini uso wa mama unaonekana, na kile kitambaa alichofunga kichwani siku aliyopigwa picha. Dada akaipapasa kwa kidole.

"Ndiye yeye," akasema. "Ndiye mama."

Akarudishwa mbele. Alichukuliwa alama za vidole, akapigwa picha, akaambiwa asicheke, akashindwa kujizuia, akapigwa tena. Mimi nikafuata. Mimi sikuhitaji kukatazwa kucheka.

Tulipotoka nje mawingu yalikuwa yameshajaa. Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye ngazi, maneno ya kujitetea, jinsi karatasi zilivyo nyingi na jinsi kazi inavyonichanganya. Alinikabidhi kikapu chake cha ndizi na mayai kabla sijafungua kinywa.

"Mdogo wangu," akasema, "ungeniambia tu unataka kwenda."

Basi. Heri angenipiga kofi hapo mbele za watu, nikalia, yakaisha. Badala yake akatazama mawingu, akasema anawahi nguo zake alizoanika, kisha akakumbuka: "Jumamosi unisindikize sokoni. Mercy amesema baridi ya huko si ya mchezo, nitafute koti."

Nilimwambia sawa, kwa sauti ile ile niliyomwambia Mercy.

Niliporudi hapa nilifungua kabati kabla hata ya kuvua viatu. Nimelitoa koti kwenye nailoni na kulivaa mbele ya kioo. Bado linanitosha, na nimekaa nalo muda mrefu, na hata sasa ninapoandika nimelivaa. Truphosa tunalingana mabega. Refu kidogo kwake labda, lakini si sana.

Nisiwadanganye nyinyi mnaosoma hapa. Bado nina wivu. Dada yangu amenisamehe kabla sijaomba na hilo halijaupunguza, nadhani limeuongeza. Nina pasipoti mpya inayokuja na sina mlango hata mmoja wa kuipeleka. Nikimwaza Mercy akimpokea mama yake kule, nafunga vifungo vya koti hili mpaka cha juu.

Lakini koti ni la kusafiri, na anayesafiri ni yeye. Kesho nikitoka shuleni nitampelekea Malinya, asingoje Jumamosi. Nimelitangaza hapa mbele ya watu kwa sababu najijua. Likilala tena kabatini bila shahidi, Truphosa akija kuniuliza nitamwambia bado nalitafuta, na nitalitafuta kila mahali isipokuwa pale ninapojua lipo.