Abiria wa Ishirini na Tatu

Mama Neema,

Nimefika Budapest. Naandika haya nikiwa ndani ya meli yenyewe, meza ya dirishani, na mto Danubi unapita hapa chini ya kiwiko changu. Ulizoea kusema nitatafuta kisingizio nibaki nyumbani Doonside, huko Sydney. Basi jua huko uliko kwamba Nekesa amefika, amepimwa puani, hana korona, na amepewa ufunguo wa chumba.

Nianze na Neema, maana najua ndiye utakayemuulizia kwanza. Ni mzima. Amemaliza mwaka wa pili chuoni, na bado mimi namsemesha kwa Kiswahili na yeye ananijibu kwa Kiingereza. Mipaka ilipofunguliwa, watu wa meli wakaandika kwamba nafasi zetu mbili zilizoahirishwa bado zipo. Nilimwambia siendi, nitakwenda wapi bila mama yako. Akaniangalia kwa macho yako yale yale. "Aunty, just go. Mum would be so angry with you." Nikawajibu watu wa meli kwamba naja, kwa sababu ni kweli ungenikasirikia.

Unakumbuka ilivyoanza. Miaka saba tulifanya kazi pamoja kwenye ile nyumba ya wazee kule Penrith. Tuliwaogesha, tukawavisha, tukawalisha, na ukutani kwa kila mmoja kulikuwa na picha ya safari: bibi na bwana wamesimama mbele ya meli ndefu nyeupe, nyuma yao minara ya makanisa. Ulikuwa unafuta vumbi kwenye picha zile polepole kuliko kazi ilivyohitaji. Siku moja, ukiwa na kijiko cha uji mkononi unamsubiri mzee ameze, ukaniambia kwa Kiswahili chako cha Bukavu, "Nekesa, siku moja na shiye tutaikala, batu batuletee." Hukutaka majumba ya wafalme wala makanisa. Ulitaka kukaa kwenye kiti, mtu akuletee chakula, na usiinuke. Ndipo tukaomba likizo pamoja, tukachagua mto.

Halafu dunia ikafungwa. Halafu ukafa wewe, jikoni kwako, moyo tu, wala si korona, wakati sisi wa magharibi ya Sydney hatukuruhusiwa hata kwenda mbali na nyumba zetu. Mazishini waliruhusu watu kumi. Mimi nilikuwa karantini kwa sababu mzee mmoja wa upande wangu kazini alikuwa ameambukizwa. Nilikuzika kwa simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mchungaji alipofika kwenye mavumbi kwa mavumbi, mtandao ukakwama, na uliporudi watu walikuwa wanaingia kwenye magari. Sisi mtu akifa watu wanajaa kwake, wanapika, wanaimba, wanagombania sufuria, wanalala chini. Wewe ulipata watu kumi waliosimama mbalimbali kama nguzo za uzio. Hilo bado linaniuma.

Neema alinipigia kabla ya mazishi kuniuliza kama ni vibaya kukuvisha ile sare tuliyoshonewa na fundi wa Minto, kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, tuliyosema ni ya kupandia meli. Nilimwambia amvishe mama yake, safari ni safari. Yangu nimeivaa leo asubuhi. Nimeipiga pasi mara mbili.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Meli inapokea watu alasiri, kwa hiyo asubuhi walitupeleka kuuona mji wa kale, juu kilimani ng'ambo ya pili ya mto. Njia zake ni za mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu wa karne nyingi. Nyumba zimepakwa rangi ya maziwa na ya ndizi mbivu, milango ni mikubwa utadhani watu walikuwa wanaingia na farasi zao, na kweli walikuwa wanaingia nao. Kuna kanisa ambalo vigae vya paa lake vimepangwa kwa rangi kama mkeka wa harusi. Ungesimama pale ukazuia msafara mzima.

Kundi letu karibu lote lilikuwa wazee wa Australia. Wewe unayajua mawe na wazee. Sijui hata ilianzaje. Kulikuwa na bibi mmoja, Joan, akasita kidogo kwenye ngazi, na mkono wangu ukawa tayari uko chini ya kiwiko chake. "Step, darling. Good. Other foot." Kufumba na kufumbua nimebeba mkoba wake. Mbele kidogo nimebeba fimbo ya mzee mwingine, na koti la mkewe. Nikarudi nyuma ya msafara, pale pale tunapotembeaga kazini ili asibaki mtu. Nguo ya sherehe, mwendo wa zamu.

Tulipofika penye lango, msichana aliyetuongoza akainua mwavuli wake mwekundu akatuhesabu. "Twenty-two," akasema, "and the carer."

Mtunza wazee ndiye mimi. Hakuna aliyemsahihisha. Na unajua nilifanya nini, Mama Neema? Niliitikia kwa kichwa. Nimeruka angani zaidi ya saa ishirini, kwa hiari yangu, nikaenda kujipangia zamu Ulaya. Mazoea yana taabu.

Nilisimama pale na mizigo ya watu, aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilikuona wazi, mikono kiunoni, mdomo umeuvuta upande. "Njo vile, Nekesa? Unafanyaka kazi mpaka ku mapumziko?" Basi nikarudisha kitu kimoja kimoja. Fimbo kwa mwenyewe. Koti kwa mwenyewe. Joan nikampa mkoba wake, akawa mwekundu, akasema, "Oh love, I thought you were with the company." Kisha nikamwendea yule msichana nikamwambia, bila ugomvi, "Twenty-three. I'm a passenger." Akaniomba radhi, akatuhesabu upya, na safari hii alianza na mimi.

Na Joan bila mkono wangu alitembea vizuri tu, tena kunishinda. Hapo ndipo nilipoelewa. Si yeye aliyehitaji kushikwa. Mimi sijui kutembea mji mgeni bila wewe, nikashika kiwiko cha kwanza nilichokiona.

Nikapanda peke yangu mpaka juu ya ukuta wa ngome. Mto wote uko chini, madaraja yamepangana, tramu za manjano zinatambaa ukingoni, na meli yetu imefungwa gatini, ndefu na nyeupe kama zile za ukutani Penrith. Nikapiga kigelegele. Kile cha kukusindikiza, ambacho sikukupigia siku ya mazishi kwa sababu ya chupa ya chai na mtandao, nilikipiga Budapest mchana kweupe, mara tatu, mpaka njiwa wakaruka. Watu waligeuka. Msichana wa mwavuli akapiga makofi. Joan naye akajaribu chake, kikatoka kama kuku aliyekanyagwa, tukacheka mpaka tukashikilia ukuta. Sijacheka hivyo tangu uondoke.

Gatini kijana alitaka kunichukulia begi, tukavutana kidogo, kisha nikaliachia. Chumbani kuna vitanda viwili. Nilijiambia sitalia. Nililia, nikanawa uso, nikafunga kilemba upya, nikashuka kula.

Sasa nakuaga, Mama Neema, maana siku ile simu haikunipa nafasi. Nenda vizuri, dada yangu. Umenifundisha kazi, umenifundisha kupika sombe, kisamvu chenu cha Bukavu, umenifikisha hapa. Neema ni wangu sasa, na kama atanijibu kwa Kiingereza mpaka azeeke, nitamsikiliza. Nakuahidi nikirudi nitawaita wote waliokuzika kwa simu, wajae nyumbani kwako, wapike, waimbe, walale chini, tukulilie inavyotakiwa. Nakuahidi pia kwamba kwa siku zote saba za mto huu sitainua sahani hata moja.

Kijana mwingine anakuja na supu. Mikono yangu imeshaanza kukusanya vijiko, kwa hiyo nimeikalia. Ameniwekea bakuli mbele, ameniita madam, ameuliza kama nahitaji kitu kingine.

Nimemwambia hapana, asante. Nimekaa, dada. Wameleta, na sikuinuka.

Nekesa