Kichupa cha Mwaguzi

Sofia, 3 Novemba 1997

Mdogo wangu Iskra,

Hujambo? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi nipo hapa wodini na moyo wangu mkorofi. Watanipasua tarehe 18. Yale maji aliyomwaga Mama kizingitini, kama desturi yetu, ili safari yangu iende laini kama maji, yaliganda kabla sijafika getini, na tangu hapo naogopa, sikufichi.

Tuendelee na mchezo wetu wa hadithi na dadu, kwa barua. Shujaa wangu Gorun yuko mlangoni pa mnara. Anatoa kile kichupa cha mwaguzi, kijani, kichungu, anakinywa chote. Sheria unaijua: mnywaji anauliza swali moja, wewe kiongozi wa mchezo unarusha dadu, unajibu kweli. Ukidanganya juu ya kinywaji hiki, mnywaji anakufa.

Nauliza: Gorun atatoka mnarani akiwa hai?

Kaka yako,
Ognyan

Sofia, 10 Novemba

Iskra,

Salamu kwanza. Wazima huko Tryavna? Barua zenu hufika kwa siku mbili, leo ni ya saba. We bibi, umemeza dadu? Jirani yangu alipelekwa kupasuliwa jana, na kitanda chake kimetandikwa upya. Sijathubutu kuuliza. Niandikie.

Kaka yako

Tryavna, 12 Novemba

Kaka mpendwa,

U hali gani? Sisi wazima. Mama anavunja kokwa za jozi, anakusalimu.

Nilirusha siku ile ile, nyuma ya kadibodi yetu kama kawaida, usikoweza kuona hata ungekuwepo. Dadu ina nyuso ishirini, ikatoa moja. Moja ni kifo! Nilimwaga chai. Mara mbili nimeandika "atatoka", mara mbili nimechana, kwa sababu ya sheria yako ya kijinga uliyoitunga ukiwa na miaka kumi na mmoja. Basi kinywaji kimesema hatatoka.

Na kuna kweli nyingine. Gorun alikufa darajani. Alikufa kwa mbwa mwitu, kwa sumu, na kwa lile joka unalojisifia. Mara nne dadu ilimuua, mara nne nikakutangazia kaponea chupuchupu. Kafa mara nne, Kaka, na bado yuko mlangoni na ubishi wake. Aingie.

Mdogo wako,
Iskra

Sofia, 15 Novemba

Iskra, mwongo mkubwa we!

Hamjambo? Nimecheka mpaka nesi akaja kunikemea. Miaka yote hiyo najisifu! Bado naogopa. Lakini Gorun anaingia tarehe 18, saa mbili asubuhi, pamoja nami. Safari hii rusha bila kadibodi.

Kaka yako

Tryavna, 21 Novemba

Kaka,

U hali gani? Leo nauliza kweli kweli. Theluji imekata nyaya za simu, ni treni ya posta tu inayopita.

Nilirusha saa mbili kamili, mezani, mbele ya Mama. Kabla dadu haijatulia niliifunika kwa kikombe chako chenye ufa. Kipo pale pale. Tunakula kando yake, na Mama akifuta meza anakizunguka. Sitafunua mpaka uniambie wewe. Tafadhali, uniambie wewe mwenyewe.

Mdogo wako

Sofia, 29 Novemba

Iskra,

Hamjambo? Mkono bado mzito.

Funua.

Kaka yako