Jumapili ya Chupa za Maziwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimechanganya bahasha! Ripoti ya kemia nimeipenyeza chini ya mlango wa mwalimu wa fasihi, na insha ya fasihi iko kwa mama anayetufundisha kemia. Bahasha zote za kaki, zote nono. Kaka nilipomsimulia kwenye simu alicheka mpaka akapaliwa. Tangu mwanzo husema nasoma sanaa na sayansi pamoja ili nikifeli, nifeli kotekote. Nimemwambia akome. Kesho nitazifuata.

Jumanne, 4 Machi

Mama wa kemia kashaisoma insha. Pembeni kaandika kwa penseli: Ushahidi? – mara kumi na nne, nimezihesabu. Chini kabisa, kuhusu mama mkwe niliyemwelezea kwenye insha: huyu mama mkwe, lakini, nimemwamini. Nimefurahi kuliko inavyostahili. Ripoti yake anaitaka Ijumaa saa nne, bila visingizio.

Mwalimu wa fasihi hakuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu wa fasihi ameisoma ripoti yote. Alidhani ni hadithi fupi niliyoipa umbo la ripoti ya maabara – na kwa shahada yetu hii, huwezi kumlaumu. Chupa sita za maziwa, siku saba, kila siku mtu anapima uchachu na kuandika alichokiona. Kaipenda! Kisha akavua miwani, akaweka kidole kwenye ukurasa wa sita.

"Siku zote huyu mtu yumo chumbani. Jumapili hayumo. Kuna namba tu. Alikuwa wapi?"

Nikasema sijui. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Najua vizuri sana. Jumapili ilikuwa zamu yangu. Nilijilaza na riwaya – ya kozi yake yeye mwenyewe! – nikasema nitakwenda nikimaliza sura hii. Usingizi ukanichukua. Jumamosi tulipata pH 5.2, Jumatatu 4.6 – maziwa yakizidi kuchacha namba hushuka – basi mimi nikaandika 4.9. Nimepika namba. Dakika, mwenzangu wa maabara tunayemwita hivyo kwa haraka zake, hajui. Jina lake liko juu ya langu kwenye ripoti. Na kozi hii anairudia. Akianguka tena ndiyo basi, anaondoka chuoni.

Mwalimu akanirudishia ripoti. Bora angenifokea.

Nikiifuta Jumapili, tutakatwa alama. Nikiiacha, nitaiona kila nikifumba macho. Nataka kuifuta. Lakini alama hizo si zangu peke yangu. Lazima nimwambie Dakika, na naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na nusu. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya mama wa kemia, ripoti mapajani, Dakika pembeni yangu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nimemwambia. Yote, na riwaya, na usingizi. Nikasema ripoti haijafika kwa mwenyewe, mama wa kemia, bado tunaweza kuandika ukweli kwamba Jumapili hatukupima. Nilijiandaa kwa matusi. Anavua pete, anaivaa, anaivua. Leo hana haraka hata kidogo.

Halafu kauliza, polepole, mwalimu alisemaje kuhusu siku nyingine. Nimesema hakuna, alizipita tu.

"Hata Jumatano?"

"Hata Jumatano."

Jumatano ilikuwa zamu yake. Nimeufungua ukurasa. "Harufu imeanza kuchoma pua. Nimefungua dirisha la kushoto. Nzi mmoja kaingia, nikamfukuza kwa daftari."

Nzi! Na mimi nilimwamini nzi yule.

Nimemgeukia Dakika. Anaangalia viatu vyake.

"Nilikuwa saluni, nasukwa nywele," kasema.

Sasa sijui. Siku mbili kati ya saba – hapo ripoti inabaki nini? Jumapili nimeshaikata, mstari mmoja, wino mwekundu. Mama wa kemia kachungulia mlangoni, kasema tumewahi, tuingie. Dakika kauchomoa ukurasa wa Jumatano; namwomba anipe niukate nao. Kaushika kwa mikono miwili, hautoi –