Siku ya Saba ya Saumu Yako

Alkhamisi, 10 Julai. Asubuhi mawingu, upepo wa kusi, baridi ya kutaka shuka la pili. Hakuna mvua.

Mama,

Leo nimefunga siku yako ya saba, na ndiyo ya mwisho. Zile saba ulizokula Ramadhani ile ulipolazwa, halafu ukapata nafuu, na kila nikikukumbusha ukawa unasema, "Wiki ijayo, mwanangu, inshallah." Ninazo zote daftarini, tarehe kwa tarehe, maana wewe mwenyewe uliniambia niziandike usije ukasahau. Hukusahau. Hukuwahi tu.

Ningeweza kumaliza mapema zaidi. Nitakwambia kwa nini sikumaliza, lakini wacha nianze mwanzo. Unajua sipendi kuruka.

Unaikumbuka siku ile ya chooni, uliposhindwa kuinuka. Nilikushika chini ya makwapa, nikavuta, mikono ikaachia. Mara tatu. Mwisho nikakufunika kanga mbili, nikamwita Bwana Haji wa dukani chini, akakubeba mpaka kitandani. Mwanamume si maharimu wako. Uligeukia ukutani hadi alipotoka, kisha ukaniambia, "Haidhuru." Neno hilo nimeliandika. Sikuandika kwamba hukunitazama tena mpaka jioni.

Wiki tano baadaye ukaondoka.

Siku za matanga nyumba ilijaa, sikupata nafasi ya kuwa na njaa wala shibe. Baada ya hitima ya arobaini kila mtu alirudi kwake. Nikapika kama kawaida, vikombe viwili vya mchele, nikapakua kwenye sinia letu, nikafunika kawa. Nikakaa. Nadhani nilikuwa nakusubiri utoke kusali. Chakula kilipoa, nikampelekea jirani. Nikafanya hivyo siku nne, ya tano nikaacha kupika. Chai na mkate wa boflo asubuhi, chai na boflo usiku, mchana kazini najifanya nina fotokopi nyingi za watu, sina nafasi ya kula. Jioni nikifungua mlango nasikia unavyouliza kila siku kabla hata sijavua viatu: "Ushakula?" Na mimi kila siku nikikujibu, "Nshakula, Mama," hata siku ambazo sikula.

Mwezi wa nne tangu uondoke mikono ilikuwa imekonda mpaka bangili zako zinapita kwenye kiwiko. Hapo nikaenda kwa Bi Zuwena. Humjui; alikuwa akicheza netiboli zamani, sasa ana chumba cha mazoezi nyuma ya nyumba yake hapa Kikwajuni, cha wanawake watupu, na vyuma vya kunyanyua. Najua ungesema nini. Tulipowaona wale wanawake kwenye televisheni ulisema, "Maryam, hawa mwakani wataota ndevu." Sijaota bado.

Sikwenda kutafuta uzuri, Mama. Nilikwenda kwa ajili ya siku ile ya chooni, ingawa ilikuwa imeshapita na wewe umeshapita.

Baada ya Idi Kubwa nikaanza kukufungia, Jumatatu na Alkhamisi. Na hapo nikafanya kosa ambalo nililirithi kwako. Ramadhani wewe ulikuwa ukimaliza kazi zote nzito alfajiri: kuteka maji, kutwanga, kufua. Ulisema nguvu ya daku isipotumiwa asubuhi hupotea bure. Basi na mimi nikapanga hivyo hivyo. Daku chai na tende, nasali, saa kumi na mbili niko kwa Bi Zuwena nanyanyua, halafu sigusi kitu mpaka magharibi. Nikaandika ratiba kwa rula. Niliiona ratiba nzuri sana.

Siku ya tatu chuma kilinitoka mkononi, kikaanguka karibu na mguu. Bi Zuwena akanikalisha kwenye mkeka, akaniuliza nimekula nini tangu jana. Sikutaka kusema nimefunga. Nilihisi ni jambo langu na lako. Nikasema chai.

"Chai si chakula, bibi wee. Hayo ni maji ya moto."

Akauliza usiku. Nikasema chai. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nikamweleza yote, saumu zako na daftari, na kulia nikalia.

Hakunambia niache kufunga. Alisema tuihamishe saa tu. Hapa, alisema, msuli tunauchosha. Unajengeka baadaye, ukila na ukilala, na mimi nilikuwa nauchosha asubuhi kisha naunyima siku nzima. Siku ya kufunga nije baada ya alasiri, nimalize jua likikaribia kuzama, ili nikifungua kwa tende na maji, chakula chenyewe kifuate hapo hapo: samaki au mayai, maharage au choroko, muhogo au wali. Daku nile kweli. Siku ambayo sikufunga nile mlo wa kawaida saa mbili tatu kabla ya kuja. Nikichelewa, ndizi moja yatosha. Nikishamaliza, nile ndani ya saa moja au mbili, nisikimbizane na dakika. Mmoja pale aliwahi kumeza mayai mlangoni akidhani akifika nyumbani yatakuwa hayafai tena. Bi Zuwena alisema la kutazama zaidi ni siku nzima, niwe nimekula vya kutosha asubuhi, mchana na usiku. Na niandike saa ninayolala, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika.

Nimeandika. Wiki za mwanzo ilikuwa saa saba, saa nane za usiku. Sasa inashuka.

Siku za kukufungia wamekuwa wakinisubiri. Bi Zuwena na wenzake wawili hutandika jamvi palepale mlangoni, na mimi natoka jasho tupu, nafungua, tunasali, tunakula sinia moja. Wananitania kwamba nakula kama niliyetoka jela. Na hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini sikumaliza mapema. Siku ya saba niliiahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilijiambia kichwa kinauma. Mara ya pili sikujidanganya hata. Niliona hii ikiisha sitakuwa na kitu chako cha kufanya, na siku zote zitakuwa kama zile nyingine, za mimi na chungu cha wali tu. "Wiki ijayo, inshallah." Nilijisikia nikisema, kwa sauti yako kabisa.

Sasa sikiliza la Jumamosi.

Mchana nilipika kikombe kimoja cha mchele. Kimoja. Nikala na choroko na kipande cha samaki changu, saa saba kamili, nimesimama jikoni, kwenye sufuria, nisiione ile nafasi yako. Saa kumi nikaenda. Nikamwomba Bi Zuwena aniwekee kilo arobaini na moja. Akasema mbona hesabu ya ajabu, watu huomba arobaini. Sikumwambia ndio uzito waliokuandikia mara ya mwisho kliniki. Akakagua mgongo wangu, akaniambia nikunje magoti, nisikurupuke.

Kikanyanyuka, Mama. Mara ya kwanza tu. Nilisimama nacho, na nilijua uzito huo, niliujua sana. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikishusha polepole mno, hata Bi Zuwena akaniambia chuma hakiumii, nikitue tu. Sikuweza kukitua tu.

Nisamehe ya siku ile. Ningependa ingekuwa mimi.

Leo kwenye jamvi niliwaambia imekwisha. Waliitikia dua, ya kwako wewe, wakanifungia samaki wa kwenda naye. Yuko jikoni.

Kesho sifungi. Nitaamka, nitampasha moto yule samaki, nikaange na yai. Sitasimama. Nitatandika mkeka pale petu, nitakaa upande wangu, na kawa lako nitalitundika ukutani. Halina la kufunika. Saa moja asubuhi. Mchana vilevile, na usiku vilevile, na Jumamosi kabla ya vyuma. Nakuahidi, na unajua nikishaandika sirudi nyuma.

Mungu akulaze pema, Mama yangu. Jioni nikifungua mlango uniulize kama kawaida. Nitakujibu nshakula, na itakuwa kweli.

Mwanao,
Maryam

Nalala saa tatu na dakika arobaini usiku.