Unyoya Alioutwanga Baba

4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini mgongo umeacha kukusumbua. Bado niko kwenye majaribio ya kazi hapa makumbusho, chumba cha ndege waliokaushwa. Humu bahashani kuna unyoya wa kolibri, ndege ambaye mwili wake haufiki kidole gumba chako. Ulikuwa umeanguka, mkuu wangu akaniruhusu kuuchukua. Ugeuzegeuze dirishani: kijani, kisha buluu, kisha mweusi tii. Wewe uliyetia nguo rangi miaka arobaini, niambie hiyo ni rangi gani.

Binti yako

13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, mdomo mzima. Unyoya nimeutwanga kinuni, nikauchemsha kwa siki na chumvi kama nifanyavyo magome. Nimepata tope la kahawia lisilofaa hata kitambaa cha deki. Hao watu wamekupiga changa la macho. Rudi nyumbani. Mwisho wa mwezi napumzika kazi, na mabeseni yangu ya rangi simwachii mtu baki. Ni wewe au nafunga.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimecheka hadi mkuu akauliza kulikoni. Umeutwanga! Hiyo kijani hukuikuta kwa sababu haimo. Mna weusi tu, kama wa nywele zetu, ila umekaa kwa vijibamba vyembamba mno, tabaka juu ya tabaka, vyenye vipovu vya hewa ndani. Mwanga unarudi kutoka kila tabaka. Mwanga huo ukikutana, kijani inapata nguvu na rangi nyingine zinafutana. Ukiugeuza unyoya, mwanga unapita njia nyingine, na rangi inabadilika. Wewe ulivunja mpangilio wenyewe.

Tafadhali nitumie tope lako lote. Ijumaa tarehe 26 nawaeleza wageni mbele ya wakuu, ndipo waamue kama nabaki. Naitaka kazi hii, Baba. Kurudi sitarudi, ila itaniuma sana ukininunia.

Binti yako

29 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Tope sikulituma, nililileta mwenyewe. Nilimkabidhi mlinzi, nikajibanza nyuma ya wanafunzi. Ukaliweka kando ya unyoya mzima, ukasema aliyelitwanga ndiye fundi rangi bora unayemjua. Mama mmoja akauliza mbona ndege wa miaka mia hajachujuka. Nilitaka kukujibia, ukaniwahi: kisichotiwa rangi kitachuja nini? Mkuu alipokupa mkono nikajua umebaki, nikaondoka kabla sijaaibika kwa machozi.

Sifungi. Nimeanza kumfundisha binti wa fundi cherehani. Leo amenibishia mara tatu kabla ya saa nne, kwa hiyo atafaa.

Baki huko, mwanangu. Nilijivunia wewe mpaka nikasahau kupiga makofi.

Baba yako