Matofali Matatu Chini ya Milimita

Mbagala, Jumapili asubuhi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limeanza kukuonea huruma. Mimi sijambo kabisa, tena nina furaha mpaka mama mwenye nyumba ameniuliza kama nimeposwa. Ningekupigia simu, lakini kuna kitu nimekitia humu ndani, na simu haina bahasha.

Unajua nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha nailoni za kufungashia. Kazi yangu ni kuviringisha nailoni kwenye bomba mpaka iwe roli ya kilomita sita. Bi Shirin, mwenye kiwanda, aliniahidi mkataba mwisho wa mwezi nikimaliza bila kosa. Basi wiki hiyohiyo ya mwisho, kile kidude cha kuhesabu mita kwenye mashine yangu kikafa kimyakimya. Nakuja kugundua, roli kumi na mbili zimeshatoka, zote za mteja wa Tegeta, mtu asiyepokea roli fupi hata umbembeleze vipi. Urefu wake haujulikani, na huwezi kutandaza kilomita sita za nailoni Barabara ya Kilwa ukapima kwa utepe.

Msimamizi wetu, Braza Gody, kijana mwenye cheti na mwenye kukitaja, akachukua kalamu. Nailoni iliyozunguka bomba ilikuwa na kina cha milimita mia moja na sitini. Unene wa nailoni yenyewe, maikroni ishirini, kipimo kilicho chini ya milimita. Mzunguko mmoja, kwa wastani, sentimita sabini na tano na ushee. Akaandika, akafuta, akanigeukia.

"Hadija, hizi mita sitini! Kilomita sita umezipeleka wapi?"

"Mita sitini, braza? Na mie nimesimama hapa tangu asubuhi?"

"Hesabu haidanganyi, sista. Bosi akija, mie simo."

Nikajiinamia pembeni nikapiga mwenyewe. Unakumbuka yale matofali saba uliyonipangia uani, mwaka ule ulipoacha shule ili mimi niendelee? Kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Kila tofali nikishuka naongeza sifuri moja, nikikosea unanirudisha juu. Nikashuka yote saba, nikaongeza ngazi moja ya maikroni, nikapata mita sitini zilezile. Dada, nilikwenda chooni nikalia. Niliona mkataba unaondoka, na niliona aibu kwa ajili yako kuliko yangu.

Niliporudi nikaishika ile nailoni. Kama maikroni ni ngazi moja tu chini ya milimita, basi maikroni ishirini ni milimita mbili. Milimita mbili! Hiyo si nailoni ya kufungia ubuyu, hiyo ni soli ya kandambili. Nikachukua kipande, nikakikunja na kukunja mpaka tabaka hamsini, nikakibana kwenye rula. Milimita moja kamili.

Tabaka hamsini za maikroni ishirini ni maikroni elfu moja. Kumbe chini ya milimita hatushuki ngazi moja, tunashuka tatu, na mbili za mwanzo hakuna aliyetutajia majina yake. Mimi na Braza Gody tulikariri ngazi saba zilezile, tukatumbukia shimo lilelile.

Nikarudia hesabu. Kila milimita ya roli ina mizunguko hamsini, kwa hiyo milimita mia moja na sitini zina mizunguko elfu nane. Zidisha kwa sentimita sabini na tano na ushee: kilomita sita, na mita kama thelathini za nyongeza.

Bi Shirin alisikiliza huku ameshika kiuno.

"Binti, unasema kweli au unaokoa shingo yako?"

"Vyote viwili, bosi."

Akacheka, akaamuru tupakie roli moja tuipeleke Tegeta, ikakunjuliwe kwenye mashine ya mteja, ambayo kihesabio chake kizima. Nilisimama mbele ya zile namba kama mtu anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Elfu tano zikapita. Elfu sita zikapita! Ikasimama kwenye mita elfu sita na ishirini na saba. Aliyepiga kelele wa kwanza ni Braza Gody.

"Nimekubali, sista! Mie nilidondosha sifuri mbili."

Ijumaa nimetia saini, Dada. Mimi si kibarua tena. Bi Shirin aliniuliza nimesomea chuo gani, nikamjibu, "Uani kwetu Newala, kwa dada yangu." Alidhani namtania.

Nisalimie shemeji, umwambie korosho alizonipa ziliisha kabla basi halijafika Dar. Nisalimie mama mdogo na yule jirani aliyekuwa akinicheka nikirukaruka kwenye matofali.

Kipande chenyewe kimo kwenye bahasha. Kikunje tabaka hamsini, upime. Na usiniambie tena kwamba wewe uliishia njiani. Matofali yako saba yamenifikisha pale mwenye cheti alipokwama. Mimi nimeongeza matatu tu.

Mdogo wako anayejivunia wewe,
Hadija