Kifaranga Auzwe, Tembo Libaki?

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna mtu anakuja kuchukua gari langu na moyo wangu bado haujakubali. Mimi ni nesi, mume wangu ni fundi wa kushona viti vya magari, na tuna binti mmoja wa chekechea ambaye namshusha shuleni kila asubuhi nikienda zahanati. Gari langu ni kadogo, tunakaita Kifaranga, mafuta kananusa tu, lakini mume wangu amenunua gari kubwa, bati zito, refu mpaka napanda kwa kung'ang'ania mlango, na anataka Kifaranga auzwe niendeshe hilo Tembo, eti, "Mama, lori likikugonga humo utabaki bapa kama kopo." Shangazi, simbezi, kwa sababu karakana wanamletea magari yaliyogongwa avue viti, na siku akivua kiti cha gari dogo hali chakula, anakwenda kukaa na binti yetu, anamshika mguu tu. Lakini Tembo linabwia mafuta jamani! Mshahara ukiwa mbichi tunatamba nalo, ukikauka linalala uani, na kwa vile Kifaranga kashaahidiwa mnunuzi, mume wangu hataki nimguse, mimi na binti tunapanda pikipiki, yeye katikati. Na mwenzangu ameliwekea mapenzi yake yote, viti vya nyuma amevivisha ngozi safi, kaibana mpaka mikanda yote ya usalama imeingia chini yake, huoni hata kifungio, binti anateleza huku na huku anacheka. Nikisema linakula mafuta ananijibu, "Kwa hiyo roho zenu tuzipime kwa lita?" naingia bafuni nalia. Niambie, mimi ni bahili?

Nesi wa Kifaranga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na sasa toka huko bafuni, wenzio wanataka kuoga.

Bahili si wewe. Ila mume wako naye hajapayuka: gari zito na jepesi yakigongana, wa kwenye jepesi ndiye anayeumia zaidi, na huyo baba anayaona kwa macho yake. Una mume anayewapenda hadi chakula hakipiti. Usimchukulie kama mtu anayetaka kutamba na gari kubwa.

Lakini wewe! Nesi mzima, unayewafunga watu bendeji, unampakia mtoto katikati kwenye pikipiki, halafu unaniuliza ukubwa wa gari? Niliposoma hapo niliweka kikombe chini. Gari lisilo na mafuta halimlindi mtu yeyote, hata liwe kubwa kama nyumba. Na huyo fundi wetu kaifukia mikanda! Binti anayeteleza akicheka ndiye atakayerushwa breki zikikanyagwa ghafla, na uzito wa bati hautamshika.

Kwa hiyo nisikilize. Mnunuzi mpigieni simu, mwambieni samahani. Kifaranga akaguliwe breki, tairi na mikanda, binti awekewe kiti cha mtoto nyuma, nawe uendeshe hako kagari hadi shule na zahanati, polepole, ukiacha nafasi mbele yako. Malori yapishe, huna unachoshindania. Tembo lisubiri safari ndefu, na kama hata hizo hamzimudu, liuzeni mtafute la kati. Ila hakuna anayekaa nyuma humo mpaka ngozi ifumuliwe na mikanda itoke juu. Pikipiki, basi. Sitaki kuisikia tena.

La mwisho ndilo gumu. Ukimwonyesha hiyo mikanda ataelewa upesi kuliko wewe na mimi. Nakuomba sana, usimwambie "si nilikwambia." Alikuwa anamshonea mwanawe mahali pazuri pa kukaa. Akitaka kulia, mwache alie, kisha mpe mkasi, nawe umshikie ngozi akate.